Mashine Mbili, Anwani Moja

Haya aliyasimulia Mwanaheri mwenyewe, Jumanne ya wiki ya pili ya Julai mwaka huu, akiwa kwenye kibaraza cha jirani yake mjini Morogoro, huku akimenya mihogo. Yaliyobaki aliyamalizia Veronika, mama wa Matombo, aliposhuka sokoni na ndizi zake siku mbili baadaye. Hakuna aliyemsikia mwenzake akisimulia, lakini habari zao hazikupishana.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwanaheri anafika kwenye geti la chuo. Ni chuo cha afya, jina tuliache, kilichokaa pembeni ya mji pale njia inapoanza kupanda mlimani. Mlinzi wa kampuni mpya, mwenye sare iliyopigwa pasi, anapokea kitambulisho chake na kukigeuza huku na huku.

"Idara?"

"Tehama. Kama jana."

"Jana sikuwa mimi, dada. Andika hapa, na saa uliyoingia."

Anaandika. Anapanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza, anafungua chumba cha seva, anakaa mbele ya kompyuta. Kabla hajafanya jingine lolote anaita anwani ya seva, na seva inaitika. Anachomoa waya wa mtandao wa seva, anaita tena. Kimya. Anahesabu mpaka ishirini. Bado kimya. Ndipo anaurudisha waya na kushusha mkoba begani.

Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. "Nisipousikia huo ukimya siwezi kuanza kazi," anasema. "Mikono inakataa."

Kazi hiyo ni ya kudumu. Barua anayo, yenye muhuri na saini mbili. Namna alivyoipata ndiyo inayomfanya ale wali akihisi anatafuna karatasi.

Mwanaheri ana miaka ishirini na tisa. Amezaliwa Mlali, kwa mama muuza nyanya, na alisomea ufundi wa kompyuta kwa fedha za nyanya hizohizo, mwaka mmoja zikiuzwa vizuri, mwaka mwingine zikiozea kwenye matenga. Chuoni pale alikaa miaka mitatu kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, laki nne na ishirini kwa mwezi. Kila Juni ilipokaribia, hakujua kama Julai atakuwa na kazi au atarudi Mlali kufunga matenga.

Mwezi wa Mei mwaka huu, afisa utawala, Bwana Kasiani, alimwita ofisini. Ni mtu wa maneno machache, ambaye hamalizi kikombe cha chai bila kukitazama ndani.

"Mkataba wako unaisha tarehe thelathini Juni," alimwambia. "Safari hii sitaandika mwingine. Ipo nafasi moja ya kudumu. Ile kazi ya kuhamisha seva, ukiifanya chuo kisitikisike, nafasi ni yako. Kikitikisika, tutaitangaza gazetini, na wewe utaomba kama watu wengine."

"Nimeelewa, baba."

"Sikusema uelewe. Nimesema kisitikisike."

Kazi yenyewe ni hii. Chuo kina kompyuta mia moja na sitini, na hakuna hata moja inayotoka kwenda kwenye intaneti kwa njia yake. Zote zinapitia kwenye mashine moja, ndiyo hiyo seva, ambayo mafundi wanaiita proksi. Ukitaka ukurasa, unamwomba proksi, naye anakwenda kuuleta na kukupa. Ili umpate, lazima ujue anwani yake, ambayo ni tarakimu tu zilizoandikwa ndani ya kila kompyuta. Mtandao mmoja hauwezi kuwa na mashine mbili zenye anwani moja, kama vile mji hauwezi kuwa na wanawake wawili wanaopokea simu kwa namba moja. Kila anayepiga, mara atampata huyu, mara yule, mara hampati yeyote.

Mashine ya zamani ilikuwa imekaa miaka minane kwenye kijumba cha nyuma ya geti, kando ya jenereta. Programu yake ilikuwa imechakaa, haipokei tena marekebisho. Mwanaheri aliandaa mashine mpya kwenye jengo jipya, akaweka toleo jipya la programu ya proksi, kisha akaipa anwani ileile ya zamani, ili asizunguke kompyuta mia moja na sitini kubadilisha tarakimu. Jumapili ya pili ya Juni akaizima ya zamani na kuiwasha mpya. Ile ya zamani hakuing'oa. Aliiacha palepale na waya zake, kwa wiki mbili, iwe akiba kama mpya itamwangusha. Mafundi wengi hufanya hivyo.

Akaandika tangazo, akaliweka kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: seva imehamia ghorofa ya kwanza, mashine ya zamani isiguswe. Watu sitini na wawili wakaweka alama ya dole gumba.

Jumatatu mtandao ulikwenda kama maji. Jumanne vilevile. Bwana Kasiani akapita mlangoni, akatazama taa za kijani, akaguna. Kwake yeye mguno huo ni pongezi.

Jumatano alfajiri umeme ulikatika, ukarudi baada ya nusu saa. Kulipokucha, mambo yakaharibika.

Ukurasa ulifunguka nusu ukakatika. Kompyuta moja ilipata mtandao, ya pembeni yake ikakosa, kisha baada ya dakika kumi zikabadilishana. Ingekuwa ni siku nyingine, watu wangelalamika na kwenda kunywa chai. Lakini wiki hiyo wanafunzi wa mwaka wa tatu, mia mbili na kumi na wanne, walikuwa wanajiandikisha kwa mtihani wa mwisho. Fomu ina kurasa saba, na inajazwa kwa mkupuo mmoja. Mtandao ukikatika kwenye ukurasa wa sita, unaanza upya. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Atakayekosa angesubiri mwaka mzima.

Yasmin, aliyekuwa kiongozi wa darasa hilo, ndiye aliyekuja kwanza. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada Mwanaheri, shikamoo. Mtandao wako una kwikwi."

"Marahaba. Naushughulikia."

"Mpe maji basi. Mimi nimejaza jina la bibi yangu mara nne leo, na bibi mwenyewe alishafariki. Atadhani namwita."

Mwanaheri alicheka. Anasema ndicho kicheko chake cha mwisho wiki ile.

Alifungua kumbukumbu za seva na kuukuta mstari ulio wazi kabisa: anwani hii inatumiwa na mwingine. Ukweli wote ulikuwa pale, siku ya kwanza, saa mbili na robo asubuhi. Lakini mtu huusoma mstari kwa macho ya hofu aliyonayo, na hofu ya Mwanaheri ilikuwa juu ya toleo jipya. Alishasoma kwamba toleo hilo lina tabia ya kuifungua anwani mara mbili, kwa mtindo wa zamani na kwa mtindo mpya, halafu likagombana na nafsi yake. Akaamini kuwa huyo "mwingine" ni programu ileile.

Akafuta mstari mmoja kwenye mipangilio. Mtandao ukatulia dakika kumi na mbili, ukaanguka. Akaurudisha, akafuta mwingine. Ukatulia dakika tano. Kila ulipotulia alidhani ameupata ugonjwa, kumbe ilikuwa bahati tu ya mashine gani imewahi kuitika.

Mchana akashuku simu za wanafunzi. Pengine mjanja mmoja amejiandikia anwani ya seva kwenye simu yake ili apite bure. Akafunga simu zote. Wanafunzi wakamzomea kwenye veranda. Haikusaidia.

Alhamisi akachukua daftari kubwa, akapita chumba hadi chumba, kompyuta baada ya kompyuta, akiandika anwani ya kila moja na namba yake ya kiwandani. Kompyuta mia moja na sitini. Alipomaliza magoti yalikuwa yamevimba kwa kuinama chini ya meza. Hakuna hata moja iliyokuwa imeiba anwani.

Jioni hiyo Bwana Kasiani alipanda ghorofani. Hakuketi.

"Wamejiandikisha wangapi?"

"Tisini na watatu."

"Kati ya mia mbili na kumi na wanne. Rudisha ile mashine ya zamani."

Hapa Mwanaheri anapofika huacha kumenya mihogo. Kama angetii, angeshuka hadi kijumba cha nyuma ya geti, angefungua kufuli, na angeikuta mashine ya zamani imewashwa, taa zote tatu zinamtazama. Fumbo lingekwisha Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na siku nzima ya Ijumaa ingebaki.

Lakini kuirudisha ya zamani kulikuwa ni kukiri mbele ya Bwana Kasiani kwamba kazi imemshinda. Aliwaza nafasi ile gazetini. Aliwaza matenga.

"Nipe mpaka kesho saa sita, baba," alisema. "Nimekaribia kulipata tatizo."

"Umekaribia?"

"Nimekaribia."

Hakuwa amekaribia chochote.

Ijumaa saa sita ilipita. Saa saba na nusu, akiwa hana tena la kujaribu, alifanya jambo la mtu aliyechoka kabisa. Aliichomoa waya seva yake mpya. Aliushika ule waya mkononi, unaning'inia hewani. Kisha, bila sababu anayoweza kuieleza, akaiita anwani yake kutoka kwenye kompyuta ya pembeni.

Ikaitika.

"Nilisisimka mwili mzima," anasema. "Seva yangu imekatwa, waya ninao mimi mkononi, halafu kuna kitu huko kinasema nipo, nipo, nipo. Ni kama umemzika mtu, unarudi nyumbani unamkuta jikoni."

Akaangalia namba ya kiwandani ya huyo anayejibu, akafungua daftari lake. Kwenye kurasa za kompyuta mia moja na sitini haikuwepo. Akageuza kurasa za nyuma, za miaka mitatu iliyopita, alipokuwa mgeni. Ikawepo. Ilikuwa namba ya kwanza aliyoiandika chuoni pale.

Alishuka ngazi akikimbia, akavuka uwanja, akafungua kijumba. Mashine ya zamani ilikuwa inaunguruma kwa raha zake. Juu yake, ukutani, palibandikwa karatasi iliyofunikwa kwa utepe wa gundi ili isilowe. Maandishi yalikuwa ya kalamu ya bluu, herufi kubwa:

UMEME UKIKATIKA NA KURUDI, FUNGUA MLANGO HUU. BONYEZA KITUFE CHA MASHINE YA CHINI MPAKA ZIWAKE TAA TATU. USISAHAU. MTANDAO WA CHUO CHOTE UNAKUTEGEMEA WEWE.

Aliuona mwandiko na kuutambua. Ulikuwa wake.

Karatasi hiyo aliiandika mwezi wake wa kwanza kazini. Mashine ya zamani haikuwa na uwezo wa kujiwasha, na umeme ulipokatika usiku chuo kiliamka bila mtandao. Basi akamwomba mlinzi wa usiku, mzee Anselmi, aiwashe kila umeme unaporudi. Mzee akakubali. Kwa miaka mitatu hakukosea hata mara moja. Mvua ikinyesha, alikuwa anajifunika gunia na kwenda.

Walinzi hawakuwemo kwenye kundi la WhatsApp. Mzee Anselmi alikuwa na simu ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Kati ya wale watu sitini na wawili walioweka dole gumba, hakuna aliyefikiri kwenda kumwambia mtu aliyekuwa na ufunguo wa pili. Wala Mwanaheri hakufikiri. Alikuwa anampita getini kila siku, wanasalimiana, anaulizwa habari za Mlali.

Aliizima mashine na kung'oa waya zote. Akapanda tena kuurudisha waya wa seva mpya, na mtandao ukatulia moja kwa moja. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Wanafunzi wakajazana kwenye maabara ya kompyuta, wanne kwenye kiti kimoja, Yasmin akiwapanga foleni na kuwasomea fomu kwa sauti ili wasikosee. Saa kumi kamili ukurasa ulijifunga. Walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Wa kumi na moja alikuwa Yasmin, aliyejiweka mwisho wa foleni kwa sababu ni kiongozi.

Hakulia. Alifunga daftari lake, akamtazama Mwanaheri, akasema, "Basi dada, utakuwa na mimi mwaka mwingine." Akaondoka.

Watu kumi na mmoja waliopoteza mwaka hawawezi kupita bila mtu wa kubebeshwa lawama. Jumatatu kikao kikakaa. Mzee Anselmi aliitwa saa nne asubuhi, saa ambayo kwa mlinzi wa usiku ni usiku wa manane. Alikuja amevaa koti la kazi, macho mekundu, kofia mkononi. Ana miaka sitini na mitatu. Kumi na moja kati ya hiyo amelinda pale.

"Ni wewe uliyeingia kwenye chumba cha mitambo Jumatano alfajiri?" aliuliza Bwana Kasiani.

"Ndiyo, mkuu. Umeme ulirudi."

"Nani alikuruhusu?"

Mwanaheri alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwake. Anasema aliuona mkono wa mzee ukienda kwenye mfuko wa koti, ukasimama, ukarudi kwenye kofia.

"Ni kazi ninayoifanya siku zote."

"Nimeuliza, nani alikuruhusu? Una barua?"

"Barua sina."

"Kwa hiyo umeingia kwenye chumba kilichofungwa, umewasha mitambo, bila ruhusa ya mtu."

"Kama ndivyo kunavyoitwa, mkuu."

Mwanaheri alikuwa na mdomo. Alikuwa na pumzi ya kutosha. Maneno yalikuwa mawili tu: nilimwagiza mimi. Anasema aliyaandaa, akayameza, akayaandaa tena, na kila alipofungua kinywa aliiona ile nafasi moja, na tarehe thelathini. Kikao kikaisha.

Taarifa ilichapwa siku hiyohiyo, aya mbili. Ilisema hitilafu ilitokana na mlinzi kuwasha mitambo bila idhini. Bwana Kasiani akaisogeza mezani.

"Saini hapa, kama mtaalamu."

Akasaini. Barua yake ya ajira ya kudumu ilitoka siku nane baadaye. Mama yake alipopigiwa simu Mlali, aliwapikia majirani pilau.

Mzee Anselmi aliachishwa kazi kwa kosa la nidhamu. Hapo ndipo penye uchungu wote. Mlinzi anayepunguzwa anaweza kuomba kazi kwingine. Mlinzi ambaye barua yake inasema aliingia chumba kilichofungwa bila ruhusa hawezi kuaminiwa hata kulinda kibanda cha mkaa.

Siku aliyokabidhi vitu vya kazi, alikwenda stoo na tochi, koti, filimbi na ufunguo. Kisha akapanda ghorofa ya kwanza, kwa mara ya kwanza tangu jengo hilo lijengwe. Alivua viatu mlangoni kwa sababu aliona sakafu inang'aa.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimekuletea hii." Akatoa mfukoni ile karatasi, imekunjwa mara nne. "Niliibandua Ijumaa jioni nilipoingia zamu. Nikakuta mashine imezimwa na waya zimeng'olewa, nikajua kuna neno. Nilitaka kuirudisha stoo, lakini yule wa stoo angesoma."

Mwanaheri hakuweza kuipokea. Mzee akaiweka juu ya meza, akailaza vizuri kwa kiganja.

"Ulikuwa nayo," alisema Mwanaheri. "Kwenye kikao ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukuitoa?"

"Nilikungoja wewe, mwanangu. Nilisema, ataanza mwenyewe. Karatasi ni yake, aanze yeye, mimi nimalizie kuionyesha." Akavaa kofia. "Halafu nikaona huanzi. Nikasema, basi nikiitoa tutatoka wawili, na mimi ndiyo nimeshazeeka."

Hakuyasema kwa ukali. Mwanaheri anasema ukali ungemsaidia.

Alikaa nayo wiki mbili. Alijaribu kuiweka kwenye kabati, akaitoa. Wiki ya kwanza ya Julai aliandika barua ya kurasa mbili akieleza yote: maagizo yalikuwa yake, tangazo halikumfikia mlinzi, na Alhamisi jioni alikataa kuirudisha mashine ya zamani kwa kulinda nafasi yake. Akaambatanisha ile karatasi, akapeleka kwa Bwana Kasiani.

Bwana Kasiani aliisoma yote, pole pole. Akafungua droo, akaiweka ndani, akafunga.

"Umeshapata kazi," alisema. "Unataka nini tena?"

"Nataka mzee asafishwe jina."

"Taarifa imeshakwenda juu, na ina saini yako. Nikipeleka hii nitaulizwa kwa nini niliamini ile. Kampuni ya ulinzi imeshaingia mkataba. Mimi barua hii sijaiona, Mwanaheri, na wewe hujaniletea. Rudi kazini."

Jumamosi iliyofuata akapanda Matombo. Gari lilimfikisha mpaka njia ilipokuwa imechimbwa na mvua, mengine akayamaliza kwa miguu, akiuliza kwa mzee Anselmi ni wapi. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Kwa Veronika, unataka kusema."

Maana kwa Waluguru, watu wa milima hiyo, ardhi ni ya ukoo wa mama. Mzee Anselmi alikuwa na sehemu yake kwenye ardhi ya ukoo wao, lakini miaka kumi na moja hakuilima, na wajomba wakampa mpwa wake aliyekuwa na watoto wa kulisha. Hawakumdhulumu, ndiyo desturi. Yeye alikuwa na kazi mjini. Sasa amerudi hana kazi, anakaa kwenye ardhi ya mama wa mkewe, analima anapoonyeshwa.

Veronika alikuwa anatenganisha ndizi mbivu na mbichi. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mitambo." Hakumwuliza. "Nilidhani una sura nyingine. Mwanaume wangu alivyokuwa anakusifu, nilidhani utakuja na mabawa."

"Veronika," alisema mzee Anselmi kutoka ndani.

"Nimemsalimia, au sikumsalimia? Keti, mwanangu, mkeka huo. Ulikuwa na mdomo siku ile? Maana nasikia mlikuwa mmekaa watu saba na mdomo ulikuwa mmoja tu, wa mkubwa wenu."

"Nilikuwa nao, mama."

"Ahaa." Akachagua kichane kimoja, akakiweka upande wa mbivu. "Angalau hapo hujadanganya."

Mwanaheri akawaeleza habari ya barua na droo. Mzee Anselmi alisikiliza hadi mwisho, akitafuna kipande cha muwa.

"Hiyo barua itakutoa wewe," alisema, "na mimi haitanirudisha. Pale kuna kampuni sasa."

"Najua, mzee."

"Sasa unaipeleka wapi?"

"Bodi ya chuo inakaa Agosti, tarehe ishirini na moja. Nina nakala. Karatasi yako nayo nilitoa nakala kabla sijaipeleka. Ninaomba nafasi ya dakika tano, nitaisoma kwa mdomo wangu mwenyewe, wote wakisikia. Sitaki iingie droo nyingine. Siombi wakurudishe kazini. Naomba waifute ile barua na kuandika nyingine, iseme ulifanya ulichoagizwa."

"Na wakikutoa?"

"Nyanya za mama yangu bado zinahitaji mtu wa kufunga matenga."

Veronika aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Agosti ni mbali," alisema. "Mtu anaweza kubadilika mara nyingi mpaka Agosti." Kisha akaingia jikoni, akaongeza unga kwenye sufuria, ugali wa watu watatu.

Mvua ilishuka jioni, njia ikafungwa. Mwanaheri alilala chumba kimoja na Veronika, juu ya godoro moja. Karibu na alfajiri aliamshwa na hatua nje ya ukuta. Zilikuja, zikapita, zikazunguka nyumba, zikarudi tena kwa mwendo uleule.

"Mama, kuna mtu nje."

"Ni yeye," alisema Veronika gizani. "Kila siku. Usiku usingizi haumwingii machoni tangu alipokuja."

"Anafanya nini?"

"Analinda."

"Analinda nini?"

"Ndizi. Mbuzi mmoja. Mimi, labda." Akajigeuza upande wa pili. "Nimemwambia huku hakuna mwizi. Anasema anajua."

Hatua ziliendelea. Veronika akarudi usingizini, na Mwanaheri, aliyekuwa ameapa kukaa macho, naye akachukuliwa. Kulipopambazuka vizuri Veronika aliamka kuwasha moto, akamkuta mzee ameketi kwenye kizingiti, anafungua kamba za viatu. Alikunywa uji nusu kikombe. Akauliza kama mgeni bado amelala, akaambiwa ndiyo, akasema aachwe, njia haijakauka. Kisha akaingia ndani, akavuta shuka mpaka kwenye macho kwa sababu ya mwanga, akalala.